Kidonge cha Damu na Kikombe cha Chai

Leo nataka tuzungumze kuhusu dawa: zinafanya nini zikishaingia mwilini, na mgonjwa apewe vipi ili zimsaidie badala ya kumdhuru. Nitaanzia jikoni kabla ya kufika wodini, kwa sababu dawa nyingi huku kwetu Kericho na Bomet humezewa jikoni, na jikoni hakuna muuguzi.

Mama mjamzito akienda kliniki, iwe Kapkatet, iwe Longisa, iwe zahanati ndogo iliyozungukwa na mashamba ya chai, hurudi na vidonge vya kuongeza damu. Kila kidonge kina miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na huambiwa ameze kimoja kila siku mpaka ajifungue. Sasa mfuate nyumbani. Anaamka kabla jua halijachomoza, anabandika sufuria ya chai, anawaandaa watoto. Chai ikiiva anajimiminia kikombe, anatoa kidonge, anakimeza kwa chai hiyo hiyo ya moto, kisha anajifunga aproni anakwenda kuchuma. Hajaruka hata siku moja. Mwezi ukiisha anarudi kliniki, damu inapimwa, na kiwango kiko palepale kilipokuwa.

Hapo ndipo anapoulizwa kwa ukali kidogo: "Mama, hizi dawa unameza kweli?" Naye anajibu, "Nameza, sista. Kila asubuhi." Na anasema kweli. Linaniuma sana jambo hili, kwa sababu mama ametii kila neno aliloambiwa, na kosa liko katika neno ambalo hakuambiwa.

Majani ya chai yana kemikali ziitwazo tanini, pamoja na nyingine za ukoo huo. Ndizo zinazoipa chai ukali wake ulimini. Zikikutana na chuma tumboni hukishika, na chuma kilichoshikwa hivyo hakiwezi kupenya ukuta wa utumbo kikaingia kwenye damu. Kinapita tu, kinatoka chooni. Vipimo vimeonyesha kwamba chai nyeusi ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Watu wengi hufikiri kwamba maziwa yakitiwa ndani nguvu hiyo huvunjika. Watafiti walilipima hilo pia, wakakuta maziwa hayabadilishi jambo kubwa.

Kwa hiyo katika nchi hii, ambako chai ni ya alfajiri, ya saa nne, ya saa kumi na ya mgeni yeyote anayebisha hodi, kidonge cha damu kinahitaji saa yake. Usiku kabla ya kulala ndiyo saa ninayoipenda, kwa maji, mradi chai ya mwisho imenywewa saa moja au mbili nyuma. Kikimtia kichefuchefu mama, akimeze pamoja na chakula cha jioni, na akipata chungwa au pera baada ya chakula ni bora zaidi, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kupenya. Choo kitageuka cheusi. Asishtuke, hilo ni la kawaida. Na jioni hiyo chai isubiri. Simwambii mtu wa Kericho aache chai. Namwambia aitenganishe na kidonge.

Nimeanza na chuma kwa sababu ndani ya kidonge hicho kimoja umo mlango wa elimu nzima ya dawa. Kidonge kikimezwa bado hakijafika mahali. Lazima kwanza kifyonzwe kutoka utumboni, kisha kisambazwe na damu hadi panapouma, kisha kivunjwevunjwe, hasa na ini, na mwishoni kitolewe nje, mara nyingi na figo kupitia mkojo. Dawa inaweza kuharibika au kuzidi katika hatua yoyote kati ya hizo. Insulini ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama nyama, ndiyo maana mgonjwa wa kisukari huichoma chini ya ngozi. Ile dawa ya maumivu ya moyo inayowekwa chini ya ulimi huwekwa hapo kwa sababu ikipitia tumboni ini huivunja karibu yote kabla haijaufikia moyo. Mzee wa miaka 80 ambaye figo zake zimechoka hapaswi kupewa dawa nyingi kwa kipimo cha kijana anayekata kuni, maana dawa ambayo kijana huikojoa kwa siku moja, kwa mzee inabaki, na ya kesho inaongezeka juu ya ya jana.

Hapo naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu jambo la muda ndilo watu wanalolipuuza kuliko yote. Fikiria tangi la maji lenye tundu chini. Ukilijaza mara moja ukaondoka, maji yatashuka mpaka yaishe. Ukitaka yabaki katika kiwango kilekile lazima uongeze kila baada ya muda, wala usimwage ndoo tatu kwa pamoja yakafurika. Kila dawa ina tundu la ukubwa wake. Amoksilini hutoka upesi, saa chache tu imekwisha, kwa hiyo hurudiwa mara mbili au tatu kwa siku. Nyingine hukaa siku kadhaa, kwa hiyo kidonge kimoja kwa siku kinatosha.

Sasa tazama bahasha ya dawa uliyopewa dirishani. Imeandikwa 1x3. Yule aliyeiandika alimaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nimekutana na watu waliosoma vidonge vitatu mara moja, na sioni ajabu, kwa sababu maandishi yenyewe hayasemi. Hata aliyeelewa vizuri humeza asubuhi, saa sita mchana na jioni anaporudi, kisha usiku mrefu unapita mtupu, damu haina dawa, na vijidudu vinapumua. Mara tatu kwa siku maana yake ni karibu kila baada ya saa nane. Ombi langu kwa wenzangu walio dirishani ni hili: andikeni kwa maneno. "Kidonge kimoja ukiamka, kimoja mchana, kimoja unapolala." Kisha mwambieni mgonjwa ayarudie kwa kinywa chake. Inachukua nusu dakika.

Tuje kwenye malaria, maana huku milimani ina historia yake. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na malaria yetu si ile ya kila siku ya kando ya ziwa. Huja kwa mlipuko baada ya mvua ndefu, na huwakuta watu ambao miili yao haijaizoea, kwa hiyo huwaangusha wakubwa kwa wadogo. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Dennis Shanks walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali ya mashamba ya chai hapa Kericho tangu 1965, wakaonyesha kwamba malaria ilikuwa imerudi kwa nguvu. Walishuku zaidi kuwa klorokwini, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi, ilikuwa haiwaui tena vimelea. Wengine walisema ni joto la dunia, na ubishi huo ulifika kwenye majarida makubwa ya sayansi. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walipopitia upya vipimo vya hali ya hewa vya Kericho, walikuta joto limepanda kweli. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja. Lakini joto la milima haliko mikononi mwa muuguzi wa zamu ya usiku. Dawa iko mikononi mwake.

Kenya iliiacha klorokwini mwaka 1998 ikachukua dawa ya salfa, nayo ikachoka upesi. Mwaka 2004 ikachaguliwa artemetha-lumefantrini, inayojulikana vijijini kama AL, ikaanza kufika katika vituo vya serikali mwaka 2006. Hizo ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na zimeunganishwa kwa hekima. Artemetha inapiga haraka na kwa nguvu, inashusha homa, na ndani ya saa chache imekwisha kutoka. Lumefantrini inaingia polepole, inakaa siku kadhaa ikimaliza vimelea vilivyosalia. Mtu mzima anameza vidonge vinne kwa wakati mmoja, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza, hata kama ni usiku wa manane. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni. Mtoto hupimwa uzito kwanza, na idadi ya vidonge hufuata kilo zake.

Tatizo la lumefantrini ni kwamba inapenda mafuta. Mtu akiimeza kwa maji matupu na tumbo tupu, sehemu kubwa haifyonzwi. Akiimeza na mafuta kidogo, kinachoingia kwenye damu huongezeka mara kadhaa. Na hapa sisi wa Kericho na Bomet tumebarikiwa, kwa sababu maziwa hayakosi. Kikombe cha maziwa, au cha mursik, maziwa yetu yaliyochachushwa kwenye kibuyu, kinatosha. Mgonjwa asiyetaka kula kwa sababu ya homa mara nyingi hukubali mursik. Akitapika kabla ya nusu saa kwisha, dozi ile irudiwe. Na siku ya pili homa ikishuka, akataka kurudi shambani na kumwekea mdogo wake vidonge vilivyobaki, asiruhusiwe. Anayeacha katikati anawaachia uhai wale vimelea wagumu, na mbu wa jioni atawapeleka nyumba ya jirani.

Lakini maziwa hayo hayo yanayoibeba lumefantrini huzishika dawa nyingine. Tetrasaiklini na siprofloksasini zikikutana na kalsiamu ya maziwa hufungwa, hazifyonzwi vizuri. Kwa hiyo hakuna jibu moja la "dawa na maziwa". Swali ni dawa gani, na swali hilo liulizwe dirishani kabla ya kuondoka.

Sasa twende wodini.

Sisi watu wa huku tunawapa watoto majina kwa saa waliyozaliwa: alfajiri, mbuzi wanaporudi, usiku. Ni jambo zuri na mimi nalipenda. Lakini matokeo yake ni kwamba katika wodi moja ya kina mama unaweza kuwakuta kina Cherono watatu na Chepkoech wawili, wawili kati yao wana jina moja la baba, na wote wamejifunika blanketi za rangi moja. Muuguzi akisimama mlangoni na trei akaita "Cherono!", atakayeitika ni yule aliye macho. Mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote. Mwenye adabu huitikia hata asiposikia vizuri, kwa sababu hataki kumsumbua sista.

Kwa hiyo usimuulize, "Wewe ni Cherono?" Muulize, "Mama, majina yako yote ni nani? Ulizaliwa mwaka gani?" Kisha tazama namba ya faili, tazama karatasi ya dawa, tazama kitambulisho cha mkononi kama kipo. Vitu viwili angalau vikubaliane kabla mkono wako haujafungua kidonge. Namba ya kitanda si kitambulisho. Wagonjwa huhamishwa usiku. Wakenya tulishtuka mwaka 2018 iliposikika kwamba katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, fuvu la mgonjwa lilifunguliwa kutafuta damu iliyoganda ambayo haikuwapo, kwa sababu vitambulisho vya wagonjwa wawili vilikuwa vimechanganywa. Kama jambo hilo linaweza kutokea kwenye upasuaji wa kichwa, mbele ya macho ya watu wengi, fikirieni kidonge kinachotolewa na mtu mmoja saa tisa za usiku.

Wanafunzi wa uuguzi hukaririshwa mambo ya kuhakikisha: mgonjwa aliye sahihi, dawa iliyo sahihi, kipimo, njia, wakati, na kuandika baada ya kutoa. Orodha hiyo ni nzuri, na naifundisha. Ila nimeona kwamba orodha iliyokaririwa hugeuka wimbo, midomo inaimba na macho yako kwingine. Kinachookoa maisha ni macho kusoma lebo mara tatu: unapoitoa dawa kabatini, unapoivuta kwenye sindano, na ukiwa kando ya kitanda kabla hujaitoa. Na usitoe dawa ambayo hukuitayarisha wewe. Mwenzako akikwambia, "Nimeshavuta, wewe mchome tu," kataa kwa upole.

Mfano ambao kila muuguzi wa Bomet anapaswa kuujua ni huu. Kuna penisilini mbili zenye majina yanayofanana: benzili penisilini, ile tunayoiita kristalini, na benzathini penisilini. Zote huja kama unga mweupe kwenye kichupa kidogo. Ya kwanza huyeyuka ikawa maji angavu, na hupitishwa mshipani, mara nyingi kila baada ya saa sita, kutibu ugonjwa mkali. Ya pili ukiichanganya inakuwa nzito na nyeupe kama maziwa, na huchomwa ndani kabisa ya msuli, ikae hapo ikitoka kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Ikipitishwa mshipani, moyo unaweza kusimama palepale. Jina linatofautiana kwa silabi chache tu. Ndiyo maana nasema lebo isomwe herufi kwa herufi, na penisilini yoyote nyeupe isiyoonyesha upande wa pili isikaribie kanula.

Benzathini inatuhusu kwa namna ya pekee. Pale Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937, wamejulikana Afrika Mashariki nzima kwa upasuaji wa moyo, na wengi wanaopasuliwa ni vijana. Vali za moyo wao zimeharibika, na chanzo kilikuwa koo. Mtoto aliumwa koo kwa bakteria, hakutibiwa, mwili ukapigana na bakteria hao na katika vita hivyo ukaujeruhi moyo wake mwenyewe. Mtoto aliyekwisha kugusika hivyo anahitaji sindano ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili koo lisiugue tena na moyo usiharibike zaidi. Sindano ina maumivu. Mtoto anailia, mzazi anamhurumia, na mwezi mmoja unaruka, kisha miwili. Wazazi, nawasihi msiuruke. Na wauguzi, ipashe dawa joto kiganjani kabla ya kuchoma, ichome polepole, mfanye mtoto huyo asichukie kurudi.

Na baadhi ya waliowekewa vali za chuma hutoka hospitali na dawa iitwayo wafarini, watakayoimeza maisha yao yote ili damu isigande kwenye vali. Asili yake wafugaji mtaielewa kuliko wengine. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula nyasi ya jamii ya klova iliyooza. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alisafiri kwenye theluji na mtamba aliyekufa na kopo la damu isiyoganda, akafika kwenye maabara ya mwanakemia Karl Link. Kutokana na kazi iliyoanzia hapo ikapatikana wafarini, ikauzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 ikaanza kutumiwa kuwatibu binadamu. Ni kitu kilekile. Kinachotenganisha tiba na sumu ni kipimo, na kwa dawa hii nafasi kati ya viwili hivyo ni nyembamba sana. Kidogo mno, vali inaziba. Kingi mno, mtu anavuja damu kichwani au tumboni.

Wafarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye mboga zetu za majani: sukuma wiki, managu, saga. Mtu akiishi mjini wiki tatu akila chipsi, kisha akarudi kwa mama Sotik akala managu mchana na jioni, damu yake itabadilika ingawa kidonge hakikubadilika. Wengine wakiambiwa hivyo huacha mboga kabisa. Sivyo. Kula mboga, lakini kiasi kilekile wiki hadi wiki, na upimwe damu kama ulivyopangiwa, kile kipimo kiitwacho INR. Septrini na metronidazoli, ambazo mtu hununua kemisti bila kufikiri, zinaweza kuipandisha nguvu ya wafarini ghafla. Dawa za miti shamba nazo zisifichwe. Najua wagonjwa huzificha kwa kuogopa kukaripiwa, na kosa hilo ni letu sisi tunaokaripia. Muuguzi akiuliza kwa heshima, "Mzee, nyumbani wanakusaidia na dawa gani nyingine?", ataambiwa.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi, ila shikeni kalamu. Dawa ya mtoto hutokana na uzito wake. Tuchukue parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12: 15 mara 12 ni miligramu 180. Sasa geuza chupa usome. Chupa moja ina miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto atapewa mililita 7.5. Chupa nyingine, iliyokaa kando yake dukani, ina miligramu 250 katika mililita 5. Hapo anahitaji mililita 3.6 tu. Ukimpa mililita zilezile 7.5 kutoka chupa ya pili umempa miligramu 375, mara mbili ya kipimo, na parasetamoli ikizidi huharibu ini kimyakimya. Isirudiwe kabla ya saa nne kwisha, wala isizidi mara nne kwa siku nzima. Vijiko vya nyumbani navyo havilingani, kwa hiyo omba kikombe kidogo chenye alama au bomba la sindano lisilo na sindano. Na kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua na za maumivu zinazouzwa kwa majina mengine zina parasetamoli ndani.

Jambo la wafugaji: dawa ya agroveti ni ya ng'ombe. Usijichome. Ng'ombe akichomwa antibayotiki au kutiwa dawa ya kiwele, maziwa yake yasinywewe wala yasipelekwe kiwandani mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, maana kuna watu ambao penisilini kidogo tu ndani ya chai inaweza kuwadhuru. Dawa ya kupe isimiminwe kamwe kwenye chupa ya soda. Kamwe. Mtoto akiiona chupa ya soda anajua kazi yake.

Nimalizie na madhara. Dawa nzuri, iliyotolewa vizuri, kwa mtu aliye sahihi, bado inaweza kumgeuka. Mtu aliyechomwa sindano akaanza kuwashwa mwili mzima, midomo ikavimba, kifua kikabana, hiyo ni dharura ya dakika. Katika kituo, adrenalini huchomwa kwenye msuli wa paja, nusu miligramu kwa mtu mzima, papo hapo, wala haisubiri daktari atoke nyumbani. Ndiyo maana mgonjwa aliyechomwa penisilini huambiwa akae kwenye benchi nusu saa. Muuguzi akikwambia ukae, kaa, hata kama matatu inapiga honi. Dalili nyingine huja baada ya siku au wiki: ngozi inatoka malengelenge, macho yanakuwa mekundu, mdomo unachubuka. Mtu akiona hivyo akiwa anameza septrini au dawa nyingine yoyote mpya, aache mara moja aende hospitali siku hiyohiyo na dawa mkononi.

Tukio hilo liandikwe. Kuna fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu kwa ajili ya madhara ya dawa, na ya rangi ya waridi kwa dawa yenyewe inayotiliwa shaka, iliyobadilika rangi au inayovunjikavunjika. Vituo vingi huzijaza kwa kusitasita kwa sababu wauguzi hudhani wanajishtaki. Fomu haimshtaki mtu. Dawa mbovu iliyofika Litein leo huenda imefika Londiani pia, na Nairobi hawawezi kuliunganisha jambo hilo kama hakuna aliyeandika. Na juu ya faili la mgonjwa, kwa wino mwekundu, na ndani ya kijitabu chake cha kliniki, liandikwe jina la dawa iliyomdhuru. Mgonjwa alijue jina hilo kwa kichwa, na mumewe au mkewe alijue.

Sasa laini za simu zinafunguliwa. Kama una swali kuhusu dawa uliyo nayo nyumbani, chukua pakiti yake kabla hujapiga, utafute jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa, unisomee hilo dogo. Hilo ndilo jina la dawa yenyewe. Lile kubwa ni la kampuni.